Gari la Familia Hubeba Kilo Ngapi? Tupime Kabla ya Kuteremka Mlima

Kila unapokaribia mwisho wa mwaka, na vilevile nyakati za Idd, barabara itokayo Mombo kuja Lushoto hupokea wageni wake wa kudumu: magari madogo yanayowaleta ndugu zetu waishio mijini kuja kuwasalimu wazazi. Hupanda mlima yakiwa na abiria, mabegi na zawadi za mjini. Hushuka yakiwa na abiria walewale na mabegi yaleyale, na pamoja navyo gunia la viazi, kapu la karoti, kabichi, mkungu wa ndizi, pengine na jogoo aliyefungwa miguu. Mgeni wa Usambara haachwi aondoke mikono mitupu. Desturi hiyo ni njema, na makala hii haina nia ya kuitia dosari. Nia yake ni kueleza jambo ambalo halitajwi wakati wa kufungasha: gari lina kikomo cha uzito, kikomo hicho kimeandikwa, na kwa magari mengi ya familia hukaribia kufikiwa kabla gunia la kwanza halijanyanyuliwa kutoka barazani.

Wakazi wengi wanaijua mizani ya barabarani. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, magari yenye uzito wa jumla wa kuanzia tani 3.5 hutakiwa kupita kwenye vituo vya mizani, na lori lenye ekseli nyingi haliruhusiwi kuzidi tani 56. Gari la familia halifikii tani 3.5, hivyo hupita pembeni ya mizani bila kusimamishwa. Kutokana na hali hiyo imejengeka dhana kwamba vikomo vya uzito ni mambo ya malori. Ukweli ni kwamba gari dogo nalo lina kikomo chake kilichowekwa na mtengenezaji, ila hakuna mtu anayekipima isipokuwa mwenye gari mwenyewe.

Tarakimu mbili zilizo kwenye kadi

Chukua kadi ya usajili wa gari lako. Miongoni mwa maelezo yaliyomo, pamoja na namba ya chasisi, rangi na idadi ya siti, kuna mistari miwili inayohusu uzito. Wa kwanza, ulioandikwa "Tare Weight", hutaja uzito wa gari tupu. Wa pili, "Gross Weight", hutaja uzito wa juu kabisa ambao gari hilo linaruhusiwa kufikia likiwa na kila kitu ndani yake. Toa tarakimu ya kwanza kutoka kwenye ya pili. Jibu utakalopata ndilo kikomo cha kila utakachopakia: watu, mabegi, mazao, keria iliyofungwa juu ya paa, hata galoni la maji ya rejeta.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Magari mengi ya familia yanayotembea katika wilaya yetu yametoka Japani yakiwa yametumika. Nchini humo, uzito wa jumla wa gari la abiria hukokotolewa kwa kanuni nyepesi: uzito wa gari tupu, likiwa na tangi lililojaa mafuta, hujumlishwa na kilo 55 kwa kila siti. Kanuni hiyo inamaanisha kwamba gari la siti tano limetengewa kilo 275, na gari la siti nane limetengewa kilo 440. Ndani ya hesabu hiyo hakuna kifungu cha gunia. Aidha, mtu mzima wa kawaida katika familia zetu huzidi kilo 55. Watu wazima wanane wenye wastani wa kilo 70 ni kilo 560, nao wamekwishapita kikomo cha gari la siti nane kwa kilo 120 wakiwa hawajashika hata mkoba.

Ikiwa tarakimu za kadi yako zimefutika au hazieleweki, kanuni hiyo ya kilo 55 kwa siti itakupa makadirio ya kutegemewa kwa gari lolote la abiria lililotoka Japani. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya mizigo hufuata utaratibu tofauti. Toyota Probox ya mizigo, kwa mfano, aghalabu huruhusiwa kilo 400 za mzigo ikiwa na watu wawili, lakini ikikaliwa na watu watano mzigo hushuka hadi kilo 250. Mtengenezaji ameeleza hapo bila maneno mengi kwamba mtu naye ni mzigo, na kwamba kila siti inayokaliwa hupunguza magunia.

Tuchukue mfano wa familia ya watu saba inayosafiri kwa Toyota Noah. Tuseme kadi inaonesha kilo 1,540 kwa gari tupu na kilo 1,980 kwa uzito wa jumla, yaani nafasi ya kilo 440. Baba ana kilo 80, mama 70, shangazi 75, na bibi anayepelekwa mjini kwa matibabu ana 65. Watoto ni watatu, wenye kilo 45, 30 na 20. Jumla ya watu ni kilo 385. Zimebaki kilo 55. Mabegi manne yenye kilo 12 kila moja yanachukua 48. Zimebaki kilo saba.

Kilo saba ni kapu moja la karoti. Hata hivyo, kwa macho gari hilo linaonekana lina nafasi tele: siti moja haina mtu, nyuma ya siti za mwisho pana uwazi, na paa lote ni jeupe. Mjomba anayefungasha huona nafasi hiyo na kuijaza kwa moyo mkunjufu. Gunia moja la viazi likiwekwa, gari limezidi kwa zaidi ya kilo 90. Likiongezwa la pili juu ya paa, pamoja na mkungu wa ndizi, ziada inazidi kilo 200, sawa na kuwapakia watu wazima watatu zaidi. Hakuna dereva ambaye angekubali watu watatu zaidi wakae ndani ya gari lililojaa. Magunia hukubaliwa kwa sababu hayalalamiki.

Debe, gunia na lumbesa

Ugumu mwingine upo katika namna tunavyopima mazao. Sisi huhesabu kwa debe na gunia, na gari huhesabu kwa kilo. Debe la mahindi hukadiriwa kuwa kati ya kilo 18 na 20, hivyo gunia la debe sita huzidi kilo 100. Galoni la lita 20 la maji ni kilo 20 za maji pamoja na uzito wa galoni lenyewe. La mafuta ya kupikia ni takriban kilo 18. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mtungi wa gesi unaoitwa wa kilo 15 hutaja gesi tu. Ukijumlisha chuma chake, ukiwa umejaa hukaribia kilo 30.

Lakini gunia la viazi mviringo ndilo linalodanganya zaidi, na sababu yake inafahamika kwa kila mkulima: lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinakataza kufungasha mazao kwa zaidi ya kilo 100 kwa gunia, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilihimiza jambo hilo kwa miaka mingi. Tumezoea kulizungumzia suala la lumbesa kama dhuluma kwa mkulima, kwa kuwa anayenunua hulipa bei ya gunia moja na kuondoka na zaidi ya gunia moja. Ni dhuluma kweli. Ni hatari pia barabarani. Gunia lililoshonewa kofia ya nyavu juu yake linaweza kufika kilo 130 au zaidi, na baba mwenye gari anayehesabu kwamba amebeba gunia moja la kilo 100 atakuwa amekosea hesabu yake kwa uzito wa mtoto mmoja mkubwa.

Dawa yake ni kupima. Wafanyabiashara wa mazao katika masoko yetu wana mizani, na mizani iliyohakikiwa huwa na alama ya Wakala wa Vipimo. Kupima gunia huchukua dakika mbili. Mabegi yanaweza kupimwa kwa mizani ya mkono ya kuning'iniza, au mtu akapanda juu ya mizani akiwa amelibeba begi, kisha akapanda bila begi, na kutafuta tofauti.

Iwapo hesabu imekataa, gunia lisafirishwe kwa njia yake. Malori ya mboga huteremka kutoka Lukozi na maeneo jirani kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam, na mabasi nayo hupokea mizigo kwa malipo. Nauli ya gunia huuma, hasa kwa mtu anayeona gari la mwanawe limesimama uani. Ilinganishwe na bei ya tairi moja. Kwa maoni yangu, njia rahisi zaidi ni mwenyeji kumuuliza mgeni mapema, kabla shamba halijachimbwa: gari lako limebakiza kilo ngapi? Swali hilo likizoeleka, dereva hatalazimika kukataa zawadi ya mama mkwe mbele ya ukoo mzima, jambo ambalo kwa kweli ni watu wachache wanaoliweza.

Madebe matatu ya maji yanayochemka

Katika nchi tambarare, kuzidisha mzigo huharibu springi na kuongeza matumizi ya mafuta, na dereva anaweza kusafiri hivyo kwa miaka asione athari kubwa. Kwetu hali ni nyingine. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini yake kwa takriban mita 1,000. Kati ya miji hiyo miwili, kupitia Soni, kuna kilomita zinazozidi 30 kidogo za lami nyembamba yenye kona nyingi, mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili.

Gari likiwa juu ya mlima huwa limehifadhi nguvu ndani ya uzito wake. Likishuka, nguvu yote hiyo huachiliwa. Endapo dereva anataka kufika Mombo kwa mwendo uleule aliokuwa nao alipoanza kuteremka, nguvu hiyo haina budi kugeuka kuwa joto. Sehemu ndogo huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, sehemu huchukuliwa na injini ikiwa gia imechaguliwa vizuri, na iliyobaki yote huishia kwenye breki. Kwa gari lenye uzito wa tani mbili, jumla ya joto la mteremko wote inatosha kuchemsha karibu lita 60 za maji baridi, yaani madebe matatu. Kila kilo 100 zinazozidishwa huongeza joto la kuchemsha takriban lita tatu nyingine. Fikiria madebe matatu yakichemshwa kwenye vyuma vinne vyenye ukubwa wa sahani ya chakula, kwa muda usiofika saa moja. Hiyo ndiyo kazi ambayo breki za gari dogo huombwa kuifanya na dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki pekee.

Breki zikipata joto kupita kiasi hutokea mambo mawili. La kwanza ni kwamba pedi hupoteza mshiko: dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi na gari hupunguza mwendo kidogo kuliko kawaida, huku harufu kali ya kuungua ikisikika ndani ya gari. La pili ni baya zaidi, nalo linahusu mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hutakiwa yastahimili hadi nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke ndani ya mabomba. Mvuke husinyaa unapobanwa, tofauti na mafuta, hivyo pedali huzama hadi sakafuni na magurudumu hayashikwi. Gari lililokuwa na breki nzuri Lushoto mjini linaweza kukosa breki kabisa kabla ya kufika Mombo, ingawa hakuna kilichokatika wala kuvuja.

Kwa sababu hiyo, mafuta ya breki hayana budi kubadilishwa, aghalabu kila baada ya miaka miwili, na kuyaongeza tu hakutoshi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mambo mengine ambayo fundi hutuandikia.

Namna ya kushuka nayo ni muhimu sawa na uzito wenyewe. Gia ndogo iwekwe mapema, kabla mteremko haujaanza, na injini iachwe ilizuie gari. Kwa gari la gia za kawaida, gia ya pili au ya tatu hutosha sehemu nyingi. Kwa gari linalojibadilisha gia lenyewe, mkono utolewe kwenye D na kuwekwa kwenye 3, 2, L, S au B kwa kadiri gari lilivyoandikwa. Madereva wengi wameishi na herufi hizo kwa miaka bila kuzigusa. Breki ikanyagwe kwa uthabiti hadi mwendo upungue, kisha iachiliwe ipoe, badala ya mguu kukaa juu yake kilomita nzima. Kushuka kwa gia huru ili kuokoa mafuta ni kosa la hatari, na tena hakuokoi chochote: injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa ndani ya gia bila kukanyagiwa mafuta.

Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikianza kulegea, simama mahali salama mapema iwezekanavyo na uache breki zipoe kwa nusu saa. Usizimwagie maji, kwa kuwa chuma chenye moto kikimwagiwa maji ya baridi huweza kupinda au kupasuka. Tairi liwekewe jiwe, na jiwe hilo liondolewe barabarani kabla ya kuendelea na safari. Mawe yanayoachwa kwenye kona zetu na wenye magari waliokwishaondoka ni kero inayostahili makala yake yenyewe.

Mahali mzigo unapokaa

Kilo 100 zinazokaa mahali pabaya huweza kuwa na madhara kuliko kilo 150 zilizopangwa vyema. Mzigo mzito ukae chini kabisa, katikati ya ekseli mbili, ukiegemea mgongo wa siti. Ukiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, ambako ndiko buti za magari mengi zilipo, hufanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya ubao wa bembea: sehemu ya nyuma huzama na ya mbele huinuka. Usukani huwa mwepesi, matairi ya mbele hupoteza mshiko kwenye kona, na taa za mbele hutazama juu, zikiwapiga machoni wanaokuja huku njia ya mwenye gari ikibaki gizani.

Wapo wanaotatua kuzama huko kwa kumwomba fundi aweke spesa kwenye springi ili gari liinuke. Spesa huinua bodi, na kwa barabara zetu za udongo zina faida yake. Haziongezi hata kilo moja katika uwezo wa gari, kwa sababu breki, matairi, beringi na ekseli ni vilevile. Kibaya zaidi, huficha dalili: gari lililozidiwa linabaki limesimama wima kana kwamba halina kitu.

Juu ya paa pana kikomo cha peke yake, kilicho kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa magari mengi madogo mtengenezaji huruhusu kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria umo ndani ya hesabu hiyo. Keria ya chuma iliyochomelewa mtaani inaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Mzigo wa juu hupandisha kitovu cha uzito, na gari huinama zaidi kwenye kona. Dereva aliyezoea kupita kona za Soni kwa mwendo fulani akiwa mtupu atakuta gari lilelile, kwa mwendo uleule, likimvuta upande wa bonde. Paa liachiwe vitu vikubwa vilivyo vyepesi, kama magodoro na matenga matupu. Vifungwe kwa kamba ya katani au mikanda isiyovutika. Ile mipira inayochanwa kutoka kwenye tyubu hukaza vizuri mikononi, lakini hurefuka gari linapofunga breki, na mzigo husogea kabla mpira haujarudi.

Ndani ya gari, kisichofungwa huendelea na safari gari linaposimama. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wake. Galoni la lita 20 lililowekwa nyuma ya siti ya mwisho huwa na kishindo cha kilo 400 kuelekea migongoni mwa waliokaa mbele yake. Hesabu hiyohiyo inamhusu mtoto. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa na mama yake ana kishindo cha kilo 200 wakati huo, na hakuna mikono ya binadamu inayoweza kuzuia kilo 200. Mama hafanyi uzembe. Mikono ndiyo isiyotosha. Mtoto awe na nafasi yake na mkanda wake, au kiti chake maalumu akiwa mdogo. Ile desturi ya kukunja siti za nyuma, kupanga magunia na kuwakalisha watoto juu yake, kwa kuwa wao wenyewe hufurahia kukaa juu, iachwe kabisa. Huwaweka karibu na paa, bila mkanda, juu ya kitu kinachosogea.

Mtungi wa gesi usichukuliwe ndani ya gari lenye abiria iwapo ipo njia nyingine. Ukilazimika, usimame wima, ufungwe, na madirisha yawe wazi. Petroli kwenye galoni haina nafasi ndani ya gari la familia kwa sababu yoyote.

Kisheria, kupakia kupita kiasi kilichoruhusiwa ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Inafaa pia kuusoma mkataba wa bima, kwa kuwa mikataba mingi huweka sharti la gari kutozidishiwa mzigo, na kampuni inaweza kulitumia sharti hilo siku ya madai.

Matairi kabla ya safari

Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, kuna namba inayoonesha uzito ambao tairi moja linaweza kubeba. Tairi lililoandikwa 175/65R14 82S, la kawaida kwa Toyota IST, lina namba 82, inayomaanisha kilo 475. Lile la 195/65R15 91S, linalotumika kwenye Noah nyingi, lina namba 91, yaani kilo 615. Ukizidisha kwa nne utaona jumla inapita uzito wa gari. Isichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kuongeza mzigo: ziada hiyo imewekwa kwa ajili ya mashimo, kona na tairi moja linalobeba kuliko wenzake, na inapatikana tu tairi likiwa na upepo wa kutosha. Linaponunuliwa tairi jingine, namba hiyo isishuke. Mwuzaji wa matairi ya mtumba atakuhakikishia kwamba "linaingia vizuri", na huenda ni kweli kwa upande wa rimu.

Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu huwa na nyufa nyembamba ubavuni hata kama vishikio vyake havijaisha, na likibeba mzigo mzito kwenye joto la barabara ya tambarare, hupasuka bila kutoa taarifa.

Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa dereva. Kwenye magari kutoka Japani maandishi yake hayasomeki kwa wengi wetu, lakini tarakimu zinasomeka: 230 ni kilopaskali, sawa na takriban 33 kwa kipimo kinachotumiwa na vijana wetu wa kujaza upepo. Baadhi ya karatasi huwa na viwango viwili, na kile cha juu ni cha gari lililojaa. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika na kukunjuka kila linapozunguka, na kukunjika huko ndiko kunakolipasha joto hadi kuharibika. Tairi la akiba nalo lipimwe siku hiyohiyo, kabla halijafunikwa na magunia.

Upimaji ufanyike asubuhi, matairi yakiwa baridi, hapahapa mlimani. Ukishuka hadi Mombo utakuta joto la nchi ya chini na matairi yamekwisha kupata moto wa mteremko, na kipimo kitaonesha kwamba upepo umepanda kwa alama kadhaa. Kijana wa kituoni atapendekeza kuupunguza. Mwambie auache ulivyo: ongezeko hilo lilikwisha hesabiwa na mtengenezaji, na ukilitoa pale, utasafiri kilomita zaidi ya 300 kwenda Dar es Salaam ukiwa na upepo pungufu chini ya familia nzima.